Mlango Tulioukata Kushoto

Pikapu za kwanza nilizozijua zilifika Mombasa kwa meli zikiwa vipande, ndani ya makasha ya mbao. Injini ina kasha lake, kebini ina kasha lake, milango imefungwa karatasi za mafuta. Kitu kimoja hakikuja: bodi ya nyuma, pale pa mizigo. Hiyo tuliiunda wenyewe kiwandani, kwa bati na nyundo, na ndiyo iliyokuwa kazi yangu nilipotoka shule ya ufundi. Waliounda injini hawakujua mkulima wa Taita anapakia nini, sisi tulijua. Tuliweka bati nene kuliko lililoandikwa kwenye karatasi, na vyuma vya kufungia kamba kila mahali. Pikapu ya tani moja ilibeba tani mbili na watu sita juu yake, na mwenye gari akirudi kulalamika tulimcheka. Nilijivunia kazi ile kuliko ilivyostahili. Nalisema mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu gani.

Nilifika London mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nililala kwa binamu yangu Tottenham, nikafagia ofisi, nikaosha sahani, na kila siku nilikuwa na hasira. Siku moja nilikuwa napita chini ya daraja la reli, kwenye yale matao yaliyogeuzwa karakana, nikasikia mtu analitukana bati kwa Kiswahili. “Bati takataka! Wewe nataka kukata mimi mkono?” Nikachungulia. Mzee wa Kihindi, miwani puani, suruali kaifunga kamba kiunoni. Nikamwambia, “Mzee, bati hilo umelishika vibaya.” Akanitazama juu chini. “Basi kuja shika wewe,” akasema. Nikashika, na nikakaa pale miaka kumi na mitano.

Mzee huyo alizaliwa Nakuru na siku zile aliishi Stanmore, katika nyumba yenye bustani ambayo hakuipenda. Kila asubuhi aliingia na chakula cha mchana ndani ya mikebe mitatu iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, alichopikiwa na mkewe, na mkebe mmoja siku zote ulikuwa wangu. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji za Nakuru. Mimi mtu wa pwani, wiki ya kwanza masikio yaliniuma, kisha nikazoea.

Baba yake naye alikuwa fundi bodi. Mzee alinihadithia jinsi babake alivyonunua magari madogo ya starehe yaliyobingirika kwenye kona, akayakata nyuma ya viti vya mbele kwa msumeno wa mkono, akaweka ubao na bati, yakatoka pikapu za kubebea maziwa na pareto. Hakuna mchoro wala karatasi. Mkulima aliitwa gereji, akapewa chaki, akaambiwa achore mwenyewe juu ya gari anachotaka: ubao uishie hapa, mlango ufungukie pale. Baadaye mkulima akija juu kwamba hakutaka hivyo, fundi alimuuliza, “Chaki nani alishika?” Maneno yakaisha.

Sheria hiyo mzee aliihamishia London mzimamzima. Kazi yetu ilikuwa veni, yaani yale magari ya bati yasiyo na madirisha ubavuni. Waingereza siku zile walikuwa bado wanaziunda kwa wingi nchini mwao, na nyingi zilitoka kiwandani zikiwa kebini na chesi tupu, uti wa mgongo unaonekana. Sisi tulizivika. Mwenye mkate alitaka rafu, dobi alitaka vyuma vya kutundikia nguo, muuza maua alitaka sakafu ya kumwagia maji. Wengine walitaka lile sanduku kubwa linalopita juu ya kichwa cha dereva, ambalo wao huliita Luton. Mzee alisema jina limetoka kwa mji wa Luton ulioko kaskazini, watu wake walikuwa mafundi wa kofia za majani, na kofia hazina uzito ila hula nafasi. Sisi husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kumbe wako watu ambao mzigo wao wenyewe ulikuwa usufi kweli.

Na kila mteja alishika chaki. Waingereza walicheka wakidhani ni mchezo wa mzee, lakini walichora. Mimi ndiye niliyewapa chaki, kisha nikanakili vipimo kwenye kadi ya kazi. Kwa miaka mingi sikumruka hata mteja mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alikuja mama mmoja Mkongo. Alikuwa mtu wa Uvira, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, na alikuja na sare yake ya buluu akiwa na dakika chache kabla ya kuingia zamu. Alikuwa amejinyima hadi akapata veni kuukuu. Alitaka tuikate madirisha, tuweke viti kumi na vinne vya watoto na mlango wa ubavuni, kisha ipakiwe ndani ya kontena hadi Dar, na kutoka Dar iende kwa barabara. Watoto wake wawili walikuwa Uvira kwa dada yake. Dada alikuwa mwalimu, na shule ilikuwa mbali, kwenye barabara kuu inayopita malori. Gari lilikuwa la kuwapeleka hao wawili na wanafunzi wengine.

“Ndugu, mlango ndio shida yangu,” aliniambia. “Kwetu kulikuwa na mutoto wa jirani, alishuka kwenye gari, mlango ulikuwa upande mubaya. Lori likamchukua. Mimi nataka mlango uangalie wapita njia. Mutoto akishuka akanyage majani, asikanyage lami. Umesikia?”

Nikamwambia nimesikia. Lo, nilifurahi siku ile! Miaka yote nilikuwa namtafutia Mwingereza maneno, na leo nimepata mteja ninayeelewana naye bila jasho. Nikamkaribisha chai. Nikamwambia, bila kuulizwa, kwamba mimi nimeoa mwaka uliopita nilipokwenda nyumbani, mke wangu yuko Likoni, na nangoja barua ya mzee ili nipeleke maombi yake ya viza ubalozini Nairobi. Wakili aliniambia bila barua ya mwajiri ya kunithibitisha kazini nisijisumbue. Mama yule akaniuliza jina la mke wangu, akasema atamweka kwenye maombi yake. Akatazama saa, akashtuka. Chaki ilikuwa mfukoni mwangu. Niliishika kabisa, wallahi, kisha nikaona nitamchelewesha, na ya nini, sisi tumeshaelewana. Alipoondoka niliandika kwenye kadi: mlango, kushoto.

Kushoto ndiko waliko wapita njia. Mombasa ni kushoto, Nakuru ni kushoto, London ni kushoto. Mzee aliisoma kadi ile, akaona sawa. Tulikata bati wiki hiyo, tukaunda mlango wa bawaba na kidaraja cha kukanyagia, tukakata madirisha, tukapaka rangi nyeupe yenye mstari wa buluu. Ilikuwa kazi safi.

Jumamosi alikuja na kina mama watatu wa kanisani kwake, wamevaa vitenge vya sare moja, waliombee gari kabla ya safari. Alicheka, akalipapasa kama ng'ombe wa mahari. Akazunguka ubavu wa kulia, akapita mbele, akaja ubavu wa kushoto, akaushika mlango.

“Ndugu, mbona mlango unaangalia barabara?”

Nami nikacheka. “Barabara gani, mama? Barabara iko upande ule wa dereva.”

“Kwetu gari zinapita mkono wa kuume,” akasema taratibu. “Wapita njia wako kuume. Hapa mutoto anashuka katikati ya malori.”

Nilikuwa nimeunda magari maisha yangu yote na haikunipitia kichwani kwamba kuna nchi watu wanasema Kiswahili na bado wanaendesha upande mwengine. Mzee alikuwa ameshasikia. Akaja anachechemea, magoti yalikuwa yakimsumbua, akauliza swali lake la siku zote.

“Chaki nani alishika?”

Nikasema, “Yeye, mzee. Alishika yeye.”

Lilinitoka hilo, jepesi kama salamu. Rangi ilikuwa imepakwa, alama yoyote ya chaki ingekuwa imekwisha futika, hakuna wa kunisuta. Nilikuwa nafikiri barua tu. Mzee alikuwa aiweke sahihi wiki ileile, na kazi nilifanyiwa hisani kuipata. Mtu wa kuchezea bati la mteja angemtoa nje hata kama ni mwanawe. Mzee akamgeukia mama. “Wewe nashika chaki?”

Mama yule alinitazama. Kisha akasema, “Nilishika, mzee. Kosa ni langu.”

“Basi pole sana,” akasema mzee, na alikuwa na huzuni ya kweli. Kontena lilikuwa liondoke baada ya siku sita, na mama hakuwa na uwezo wa kuagiza mlango wa pili. Kina mama wakalizunguka gari, wakaimba, wakaomba. Yeye aliomba macho wazi, anautazama ule mlango.

Nilimfuata hadi kituo cha basi. Nikamuuliza, “Mama, kwa nini umesema vile?”

“Na wewe kwa nini ulisema vile?”

Alikuwa amekasirika, lakini hakupaza sauti. “Mimi nawangoja watoto wangu mwaka wa tano huu,” akasema. “Kungoja nakujua. Ile barua ni ya mke wako, si yako. Siwezi kumwongezea mwanamke mwenzangu miaka kwa sababu ya mlango.”

“Na watoto?”

“Dada yangu atawashusha mwenyewe, mmoja mmoja, amewashika mkono.” Basi likaja, akapanda, hakuniaga.

Jumapili sikutoka nyumbani. Mimi si mtu wa kujilaumu hovyo, na nilijaribu kumtupia lawama: mbona hakusema kuume tangu mwanzo, mbona hakurudi kukagua. Haikusaidia. Kila nilipokaa kula nilimwona huyo dada, mwalimu wa watu, amesimama katikati ya lami na watoto kumi na wanne wa kushusha mmoja mmoja, ana mikono miwili tu. Nikajiona mtu duni kabisa. Niliona haya, na haya ile sikuwahi kuiona kabla wala baada.

Jumatatu nilimwambia mzee hata kabla hajavua koti. Nilimwambia yote: sikumpa chaki, nilisema uongo, naye akanifichia. Aliweka mikebe yake chini. Nilingoja matusi, kwa maana mzee alikuwa fundi wa matusi pia. Hakutukana. Aliniambia nimpigie simu mama aje saa yoyote anayoweza, kisha akanipa msumeno wa umeme.

Alikuja jioni hiyo, bado na sare. Mzee akampa chaki kwa mkono wake mwenyewe. Mama akainama upande wa kulia wa gari akachora mlango, mdogo, wa kumtosha mtoto wa miaka sita. Mzee akamwambia, “Mama, toto nakua. Chora kubwa.” Akacheka huku analia, akachora tena juu zaidi.

Tulifanya kazi siku tatu. Bomba la kujazia mafuta lilikuwa limepita upande huohuo, ikabidi tulihamishe. Mlango wa kushoto nilidhani tutauacha, lakini mzee alikataa. “Mlango kama iko, mtu nashuka,” alisema. Tukauziba kwa bati, tukachomelea, tukapiga rangi upya. Nilipomkabidhi mama ufunguo, aliniuliza kwa sauti ya chini, “Na barua?”

“Itakuja,” nikasema.

Haikuja. Siku ya pili yake niliingia katika kile kijichumba chetu cha ofisi nikaikuta mezani, imepigwa chapa, haina sahihi. Mzee alinionyesha mstari mmoja kwa kidole. Ulisema kwamba amenifahamu miaka kumi na kwamba mimi ni mtu mkweli. “Hapa mimi hapana weka sahihi,” akasema. “Sasa hapana. Ngoja mwaka moja, mimi naona wewe.” Nikamwambia nimemwambia ukweli mwenyewe, bila kushikwa. Akasema ndiyo, na kwa sababu hiyo hakunifukuza.

Nilimchukia. Niliendelea kula mkebe wake kila mchana na nilimchukia. Nikifikiria leo, sioni alikosea wapi, lakini hilo halikunipunguzia kitu.

Kabla mwaka haujaisha, mzee aliugua. Nikawa namfanyia kazi siku mbili kwa wiki, kisha moja, na hakuna ubalozi wa kumpa mtu mke kwa kazi ya siku moja. Kazi zenyewe zilikuwa zinakauka. Viwanda vya Waingereza vilikuwa vinafungwa au vinapunguza watu, veni zikaja zimeshakamilika kutoka nje, zina rafu, zina milango pande zote mbili, mtu anachagua kwenye karatasi na kulipa. Nani tena anamhitaji fundi wa chini ya daraja? Mwenye nyumba akapandisha kodi, na tao letu likawa duka la kahawa. Mzee alifariki Stanmore. Nilihudhuria mazishi yake nikakaa nyuma.

Mke wangu alingoja miaka mitatu. Tulikuwa tukizungumza kila Ijumaa kwa kadi za simu, na taratibu mazungumzo yakawa mafupi. Siku moja akaniambia, kwa adabu kabisa, “Bwana, mimi umri unakwenda. Naomba unipe ruhusa yangu.” Nilimpenda mwanamke yule. Nikampa talaka, moja, kwa simu, mjomba wake akiwa shahidi, na mwaka uliofuata aliolewa Kwale. Nimeshajiuliza mara nyingi kama ningeisema tena kweli, Jumatatu ile ingerudi. Ziko siku nasema ndiyo, na ziko siku nasema hapana.

Kuelekea mwisho wa miaka ile ya elfu mbili, Jumamosi moja, nilikuwa sokoni Seven Sisters nachagua ndizi za kupika. Mtu akanishika bega. Alikuwa yeye, amenenepa kidogo, amesuka nywele vizuri, na nyuma yake wamesimama msichana mrefu na kaka yake wamevaa makoti mapya makubwa kuliko miili yao. “Hao!” akasema. “Walifika mwezi wa tatu!” Akawasukuma mbele. “Msalimieni. Huyu ndiye fundi wa lile gari.”

Msichana akaniamkia. Yule wa kiume alinikagua kwanza. “Viti vilikuwa vigumu,” akasema, na mama yake akamfinya sikio.

Nikawauliza habari za gari. Wakasema lilikwenda miaka minne hadi injini ikafa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeumia. Walilisema hilo kama jambo dogo, macho yao yako kwenye simu za mkononi zilizopangwa mezani kwa muuzaji wa jirani. Nilisimama pale na ndizi mkononi nikawahesabu vidole, kama mjinga. Ishirini, vyote vipo.

“Na bibi?” mama akaniuliza. Alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Bibi yako alifika? Mimi ule mwaka wote nilikuwa namuombea, nilikuwa naogopa, nasema huyu ndugu asije akanyimwa mke kwa sababu ya mlango wangu. Nisingelala tena.”

“Alifika,” nikasema. “Zamani. Yuko nyumbani, hajambo.”

Akafumba macho akamshukuru Mungu palepale katikati ya viazi na mihogo, watu wanatupita. Kisha akasema Jumapili, wakitoka kanisani, atawaleta watoto waje wamwamkie. Nikamwambia Jumapili hii tuna safari.

“Basi Jumapili ijayo.”

Nikasema ijayo sawa, karibuni sana. Akanipa kalamu na kipande cha karatasi, nami nikamwandikia vizuri, kwa herufi kubwa, anwani ya nyumba niliyokwisha kuhama.